Dokta Fuatino Uelese, Aliyekuwa Akiuliza Nani Kasema

Mchungaji wetu, wazee wa koo zote za Fagasina, madaktari mliovuka maji kuja hapa Samoa, kisiwani kwetu Savai'i, wengine kutoka Tonga na wengine mbali kabisa kutoka Kiribati, ndugu na majirani, familia imeona historia ya mdogo wetu Dokta Fuatino isomwe yote, pamoja na yale yanayosemwa pembeni, kwa sababu tangu Jumapili maneno yamekuwa mengi hapa kijijini, na yeye hakuwahi kulipenda neno linalozunguka bila mwenyewe.

Fuatino alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Fagasina, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kanisa, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Uelese, aliyekuwa akikausha nazi, na mama yetu Sooula, msukaji wa mikeka laini, na tangu alipojua kusema alikuwa mtoto wa mashaka, ukimpa samaki anamgeuza kwanza, ukimwambia mvua inakuja anatoka nje kutazama. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata ziwa langu alilinusa kabla ya kunyonya," na ukimletea habari yoyote jibu lake lilikuwa moja, "Nani kasema? Aliona mwenyewe?" mpaka siku moja tumekaa kula baba akamwambia, "Wewe, kula kwanza, ukishiba ndipo utuhukumu."

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi hapa Fagasina kuanzia mwaka 1967, sekondari alisoma Apia mjini, kule kisiwa cha Upolu, kuanzia mwaka 1975 akiishi kwa shangazi, na mwaka 1981 alikwenda Suva, Fiji, kusomea udaktari, akarudi na cheti chake mwishoni mwa mwaka 1986, na Januari iliyofuata akaanza kazi katika hospitali moja ya Upolu. Mwaka 1995 aliomba mwenyewe kuhamia hospitali ya wilaya huku kwetu Savai'i, na wapo waliosema, tena wengine mmeketi hapa, kwamba lazima kuna jambo aliloharibu huko mjini, daktari mzima harudi kijijini bure.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa na mwalimu Aukuso Lemana, mwalimu wa hesabu, Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989, katika kanisa hili, lakini kabla hajakubali alikwenda kijijini kwa akina Aukuso, asiulize wanaompenda, akauliza wasiompenda, na waliposhindwa kumpata na kosa zaidi ya uvivu wa kukata majani, ndipo akarudi akasema ndiyo. Shemeji yetu hupenda kusema, "Mimi sikuchumbia, nilipimwa." Mungu aliwajalia watoto wawili, Vaelua aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni fundi wa mitambo Auckland, na Tuaoi aliyezaliwa mwaka 1994, mwalimu kama baba yake, na wote wako hapa.

Sasa tufike mwaka 2010, kwa sababu kazi aliyoifanya Fuatino mpaka mwisho wa maisha yake ilianzia nyumbani kwa mdogo wetu wa kiume, Tavita. Binti wa Tavita na Malaea, anayeitwa Moelagi, alipokuwa na miaka minane aliugua ile homa inayoanza kooni kama mchezo, ikaingia kwenye viungo, ikaishia kuuma moyo, na mnajua wenyewe ni watoto wangapi wa visiwa hivi imewachukua. Dawa yake ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, miaka na miaka, ili homa isirudi kumalizia moyo uliobaki, na Moelagi alikuwa akichomwa kila Ijumaa yake bila shida. Ijumaa tarehe 29 Oktoba 2010 alichomwa asubuhi na Nesi Lisi wa kliniki ya hapa kijijini, na hata kabla hajafika nyumbani midomo ikawa imevimba kama ameumwa na nyuki, mwili mzima mabaka, pumzi inapiga filimbi, akakimbizwa hospitali ya wilaya na nusura tumzike.

Alipona. Lakini kwenye kadi yake daktari wa zamu aliandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu ana aleji ya penisilini, asichomwe tena kamwe, akapewa vidonge vingine vya kumeza asubuhi na jioni. Tavita naye alichukua panga akaenda mpaka mlangoni kwa Nesi Lisi, akamwambia mbele ya watu, "Mkono wako ni mchafu. Ondoka kabla sijakuona vizuri." Hakuna aliyemzuia. Lisi alikusanya vitu vyake akarudi kwao Upolu, na kijiji kizima kikabaki kinasema mkono wa Lisi, mkono wa Lisi, mpaka wakatokea watu wa kuapa kwamba walimwona akichanganya dawa.

Vidonge vile, ni mtoto gani wa miaka minane atavimeza kila asubuhi na kila jioni bila kukosa? Homa ikarudi mwezi wa pili, ikarudi tena mwezi wa tano, na Fuatino kila akimwekea kipimo kifuani alikuwa akisikia moyo unavuja zaidi ya jana, akitoka pale anaosha mikono muda mrefu.

Mwaka 2011 yakatangazwa mafunzo ya kanda kwa madaktari wa visiwa vyote vya Pasifiki, kuhusu mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, wiki sita Suva, kuanzia tarehe 11 Julai mpaka tarehe 19 Agosti, na Fuatino akaomba kwenda. Wenzake kazini walimcheka, mmoja akamwambia, "Wiki sita kusomea kujikuna? Mimi najikuna bila cheti," na huku kijijini wakasema anakwenda kutembea. Alikwenda. Alipokuwa huko alipiga simu nyumbani usiku mmoja tu, akasema, "Wametuambia wengi walioandikiwa aleji ya penisilini hawana aleji hiyo. Wengi. Na mimi nimekuwa nikiziamini kadi hizo miaka ishirini na nne," na sauti yake haikuwa sauti ya mtu aliyetembea.

Aliporudi hakufungua hata sanduku, alikwenda kwa wifi yake Malaea, akamkuta anamenya magimbi, akakaa chini.

"Wifi, siku ile ilikuwaje?"

"Ilikuwa sindano, wifi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Kila mtu alikuwepo?"

Malaea aliweka kisu chini, akamwambia, "Wifi, wewe umetoka Fiji na maswali yako, mimi nina mtoto mmoja. Ukikosea wewe utajifunza. Mimi nitabaki na nini?" Fuatino akachukua kisu akamalizia yale magimbi.

Kwa Tavita ilikuwa vingine, tena ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa Tavita alikubali mara moja. Hapa kwetu kaka hamkatalii dada yake, dada akisema kaka anainamisha kichwa, ndivyo tulivyolelewa, na Tavita aliinamisha kichwa akasema, "Wewe ni dada yangu, ukisema achomwe, atachomwa." Fuatino alimtazama, akaona mikono yake inavyofinya goti, akamwambia, "Ndiyo hiyo siitaki. Hiyo ni ndiyo ya mila, ya mazishi na mikeka. Nitakuja tena, unipe ya baba wa mtoto."

Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, anauliza, na kila alikopita aliambiwa maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, sindano, midomo, mabaka, mkono wa Lisi, kama watoto wanaosema mstari wa Jumapili, na jinsi yalivyofanana ndivyo alivyozidi kuyashuku, kwa sababu, alisema, watu waliokuwepo kweli hawakumbuki jambo kwa namna moja. Mwisho akamgeukia mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza, Moelagi mwenyewe, akiwa anamsuka nywele barazani.

"Siku ile ulianza kuwashwa wapi?"

"Mdomoni, shangazi."

"Baada ya sindano?"

Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Tukiwa tunakwenda kliniki. Njiani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimetoka kula kwa babu. Ningesemaje?"

Ndugu zangu, ile tarehe 29 Oktoba ilikuwa asubuhi ya palolo. Hakuna wa Fagasina asiyejua maana yake, wale viumbe wembamba kama nyuzi za kijani wanapanda kutoka kwenye matumbawe mara moja kwa mwaka, kijiji kizima kiko majini na vyandarua kabla hakujapambazuka, na sehemu ya kwanza inakwenda kwa mchungaji na kwa mkubwa wa ukoo, naye mkubwa wa ukoo akimwita mtoto mgonjwa akamlisha kwa mkono wake, ile ni heshima, ni baraka. Mtoto wa Kisamoa aliyelelewa vizuri hawezi kusimama mbele ya mzee Tafito, babu yake na mkubwa wa ukoo wetu, akasema chakula chako kinaniwasha. Alikula, akasema asante, akaenda kuchomwa sindano, na sindano ikabeba mzigo.

Fuatino alipomwendea mzee Tafito, aliyekuwa kaka mkubwa wa baba yetu, kumwambia anachokishuku na kwamba atakipima kwa ncha ya sindano, mzee alikasirika mpaka fimbo ikaanguka.

"Palolo? Tumemla palolo kabla Injili haijafika. Mjerumani alikuja akaondoka, palolo yupo. Leo wewe unamweka kizimbani?"

"Baba mkubwa, namwita shahidi tu."

"Shahidi gani anapimwa kwa sindano?"

"Hata penisilini nitaipima. Wote wawili, mbele yako."

Mzee akaiokota fimbo yake, akasema atakuja, na atakuja na palolo wake mwenyewe kutoka kwenye friza yake, asije Fuatino akachukua palolo aliyeoza akamsingizia.

Jumanne tarehe 20 Septemba 2011, katika chumba kidogo cha hospitali ya wilaya, walikaa mzee Tafito na kopo lake mapajani, Tavita mlangoni, Malaea ameshika mguu wa mtoto kama vile atatoroka, na Fuatino akaweka kwenye mkono wa Moelagi tone la maji, tone la penisilini na tone la palolo, akachoma kidogo katikati ya kila tone kwa ncha ya sindano, kama walivyofundishwa Suva, akaitazama saa yake. Mzee Tafito alinyoosha mkono wake naye, "Nami nipime, tuone kama ni palolo au ni mchezo wa mikono," akapimwa. Walisubiri. Penye maji hapakuwa na kitu, penye penisilini hapakuwa na kitu, penye palolo pakainuka donge jekundu lenye upana wa sarafu, na kwenye mkono wa mzee hapakuwa na chochote popote. Mzee aliutazama mkono wa mtoto, akautazama wake, akatazama kopo, watu wote wanamngoja yeye. Akasema, "Basi sehemu yake nitakuwa namlia mimi."

Malaea alicheka huku analia, lakini Fuatino hakucheka, alikuwa ameanza kukishuku kipimo chake mwenyewe, akasema ngozi inaweza kunyamaza na mwili ukasema, bado lazima mtoto apewe dawa yenyewe, kidogo kwanza, na hatimaye sindano nzima. Akamgeukia Tavita, "Sasa nijibu. Usinijibu kama kaka."

Tavita akasema, "Dada, ukikosea?"

"Nikikosea, dawa ya kumrudisha ninayo mkononi, na mimi nimesimama hapa. Tukikaa na vidonge anavyovisahau, moyo utakwisha polepole, na siku hiyo hakuna dawa ya kumrudisha. Sikuahidi kitu. Nakwambia ninachokiogopa zaidi."

Tavita akasema, "Sitaki." Na mdogo wetu, ambaye angeweza kumwamuru na kaka akainama, alisema, "Sawa," akavua glavu, akawapeleka wote nyumbani kwa gari lake.

Hapo ndipo tulipomwona Fuatino hali chakula. Aukuso alimwambia, "Mwamuru tu, wewe ni dada," akajibu, "Nikimwamuru, likitokea jambo hatashuku dawa, atanishuku mimi maisha yake yote, na mtoto mwingine wa kijiji hiki hataletwa." Siku ya tatu Tavita alikuja mwenyewe, akasimama nje ya nyumba hakuingia, akasema, "Nimekuwa nikimhesabia pumzi akilala. Nimechoka kuhesabu. Mchome." Fuatino akauliza, "Nani kasema?" Tavita akajibu, "Baba yake."

Akaanza na dawa ya maji, kijiko kidogo, akangoja, kijiko kamili, akangoja, na Ijumaa tarehe 30 Septemba 2011 akamchoma Moelagi sindano nzima, adrenalini, ile dawa ya kumrudisha, iko wazi mezani, Tavita amegeuzia uso ukutani, na Fuatino hakukaa chini asubuhi yote, kila mara anamfunua mtoto shati kumtazama mgongo, mpaka Moelagi akamwambia, "Shangazi, nasikia baridi, na hakuna kitu." Hakukuwa na kitu. Ijumaa hiyo ulikatwa ule wino mwekundu kwenye kadi, na homa haijarudi mpaka leo.

Yaliyofuata yanajulikana na wachache, na familia inataka yajulikane na wote. Mwezi uliofuata Tavita alichukua mkeka laini aliousuka mama yetu, akavuka kwenda Upolu, asubuhi mapema akaketi mbele ya nyumba ya akina Lisi amejifunika mkeka ule kichwa mpaka magoti, kama mtu aliyemwaga damu anavyoomba radhi, na kaka zake Lisi wakatoka na mawe wamesimama, maana walijua ni mtu wa Fagasina na hawakujua amekuja na nia gani. Jua likapanda. Lisi alipotoka akaufunua mkeka, akakuta chini yake watu wawili, Tavita, na pembeni yake Dokta Fuatino mzima, dada, ambaye kwa mila hakupaswa kuinama pale, na alipoulizwa na wewe umefuata nini akasema, "Kadi iliandikwa hospitalini kwangu, na mimi niliisoma mwaka mzima nisiulize." Lisi alimwambia Tavita, "Jua linakuchoma, ingieni mnywe kakao." Baada ya Krismasi alirudi kazini Fagasina, akafanya kazi mpaka kustaafu, na leo ameketi safu ya mbele.

Kuanzia mwaka 2013 mafunzo yale ya kanda yaliletwa hapa Savai'i kila mwaka, Fuatino akiwa mwalimu, na mnakumbuka vijana wale madaktari walivyopokelewa mara ya kwanza, milango imefungwa, watoto wamefichwa, watu wanasema, "Wanakuja kujifunzia kwenye mikono yetu." Ni Malaea aliyesimama sokoni akawajibu, "Mkono wangu ndio huu, nani mwenye cha kusema?" Fuatino hakuwafundisha darasani tu, aliwapeleka majumbani wale chakula, waketi chini, waulize asubuhi ile mgonjwa alikula nini na kwa mkono wa nani, wazee wawaulize peke yao na watoto peke yao, na alikataza mwanafunzi wake yeyote kuandika neno aleji kwenye kadi kabla hajamjibu nani aliona. Daktari mmoja wa Tonga aliwahi kumuuliza, "Mama, hakuna mtu unayemwamini?" akamjibu, "Nawaamini wote, mwanangu, ndiyo maana nawauliza."

Kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa nne mwaka huu 2023 alianza kuumwa tumbo na macho yakawa ya njano, akapimwa Apia, mwezi wa tano akapelekwa Auckland, wakamwambia ni saratani ya kongosho. Akauliza, "Nani kasoma picha hizi?" akaomba zisomwe na mwingine asiyemjua yule wa kwanza, zikasomwa, jibu likawa lile lile, akamwambia Aukuso, "Hawa hawajuani na wamesema kimoja. Naamini," akaomba arudishwe nyumbani, akarudi tarehe 12 Agosti. Wanaosema kwamba ameuawa na matone aliyokuwa akijaribu kwenye mkono wake mwenyewe miaka yote hii, na wanaosema amelipwa na bahari kwa kumtukana palolo, familia inawajibu kwa heshima kwamba ilikuwa saratani, waliiona madaktari wawili, na sisi tuliomwogesha tuliona. Alifariki Jumapili tarehe 5 Novemba 2023, nyumbani kwake, mkono wake uko mkononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Apia na wa Auckland, madaktari wote waliopita mikononi mwake katika mafunzo ya kanda, wafanyakazi wenzake wa hospitali ya wilaya, na yule aliyejikuna bila cheti pia, kwa sababu alichimba kaburi hili tangu jana, mchungaji na kwaya, na majirani walioleta mikeka, magimbi na nguruwe mpaka tukakosa pa kuweka.

Limebaki moja. Tangu ibada ianze mnageuza shingo, mnanong'onezana, Moelagi yuko wapi, mtoto aliyerudishiwa moyo na shangazi yake anakosaje kuja kumzika. Moelagi sasa ni nesi, ameajiriwa mwezi wa saba, na leo ni Ijumaa. Wapo watoto kliniki wamekaa kwenye benchi na mama zao wakisubiri sindano ya moyo, na alisema hatawarudisha nyumbani kwa ajili ya msiba wa mtu yeyote, hata huu. Alimaliza kumwosha shangazi yake alfajiri, akamvalisha, akavaa sare yake akaenda, na Tavita ndiye aliyempeleka.

Nenda ukalale, Fuatino, watoto wanachomwa.